Hodi ya Nne

Mliniomba niandike. Siku ya kuniaga mlinipa kalamu ya wino, na keki yenye sura yangu ambayo nilishindwa kuikata, maana sikujua mtu anaanzia wapi kujikata mwenyewe. Mkasema, "Bi Zuhura, tuandikie tujue kazi ilikuwaje zamani." Zamani! Mimi sijafa jamani, nimestaafu tu. Bado nakaa Quakers Hill, ng'ambo ile ile ya stesheni, na simu yangu inaita. Lakini haya, ninyi vijana mnaokaa sasa juu ya gereji pale Granville, kwenye meza iliyokuwa yangu, nitawaandikia. Nani alinipandisha cheo na lini, hayo siyagusi, hayamfundishi mtu kitu. Nitawaambia habari za herufi, na habari za Ngurumo na jinsi alivyonusurika kufa.

Nilipofika Sydney nikitokea Tanga, kazi niliyoijua ilikuwa moja: kuandika kwa mkono. Sikuwa mtunzi. Nilikuwa naandika kadi za harusi, majina ya maduka, na misemo ya kanga kabla haijapelekwa kiwandani. Mwandiko wangu ulipendwa mpaka watu walikuwa wakiitundika kadi ukutani hata baada ya ndoa yenyewe kuvunjika. Mwandiko huo ndio ulionipeleka kwa bibi mmoja wa Kizungu aitwaye Maureen, aliyekuwa akiandika herufi za vitabu vya katuni tangu ujana wake. Wengi wenu hamjui kwamba kulikuwa na mtu wa kazi hiyo tu. Mtunzi anatunga, mchoraji anachora, halafu ukurasa unamfikia mtu wa herufi. Yeye ndiye anayeweka yale maputo meupe ya maneno, na milio yote, paa na puu na kishindo. Akifanya vizuri hakuna anayemkumbuka. Akikosea, hasahauliki.

Siku ya kwanza Maureen alinipa rula, penseli ngumu na chupa ya wino, akaniambia nipige mistari. Nikapiga mpaka saa ya chakula. Nikamuuliza, "Herufi lini?" Akasema, "Mstari ukinyooka." Jioni akanionyesha puto la maneno na kunipa somo ambalo nimelibeba miaka yote. Alisema puto ni mgeni kwenye picha ya mtu mwingine. Mgeni hafuniki uso wa mwenye nyumba, hakanyagi mikono yake, na hasemi mengi kuliko nafasi aliyopewa. Nikamwambia kwetu huyo tunamwita mgeni mwenye adabu. Akaitikia kwa kichwa, akaenda kuchemsha chai. Hiyo ndiyo sifa pekee niliyowahi kuipata kwake, na hata hiyo chai hakunimiminia.

Maureen alipoacha kazi, nikahamia kwa Wekesa. Ninyi mnamjua Wekesa wa sasa, mwenye kitambi na subira. Wekesa wa siku zile alikuwa kijana wa Nairobi anayeongea kwa mwendo wa pikipiki, nusu Kiingereza, nusu Kiswahili, na nusu ya tatu lugha ya mtaani kwao ambayo mpaka leo sijaielewa. Alikodi vyumba viwili juu ya gereji ya ekzosi, akasema atachapa katuni za watu wetu. Upande mmoja wa kitabu Kiingereza, ukikigeuza upande wa pili Kiswahili. Vitauzwa kwenye maduka ya Waafrika na kwa posta. Nikamwona kichaa. Nikaenda.

Kazi ya lugha mbili ina vituko vyake. Mchoraji anaacha nafasi inayotosha Kiingereza, halafu mimi naletewa Kiswahili nikitie humo humo. Mzungu anaposema maneno manne, sisi tunamaliza kwa moja, "alinikimbilia," puto linabaki tupu kama sinia baada ya wageni. Ukurasa unaofuata Mzungu anasema "Help!" peke yake, na hakuna mtu wetu anayezama akasema neno moja. Atasema "Jamani nakufa, nisaidieni!" na puto linapasuka. Na neno lao la "sorry" lilinitoa jasho. Ngurumo alikuwa amevunja ukuta wa mtu, Kiingereza kinasema "sorry," Wekesa ametafsiri "pole." Nikampigia simu.

"Wekesa, pole anaambiwa mtu aliyepatwa na jambo. Huyu ukuta kauvunja mwenyewe. Anatakiwa aseme samahani, halafu atafute fundi."

"Auntie Zuhura, samahani haiingii kwenye puto!"

"Basi asivunje."

Na hapo ndipo tunapofika kwa Ngurumo mwenyewe. Alikuwa shujaa wetu mkubwa, wa jalada la mbele. Anasimamisha treni kwa kiganja. Anapiga chafya, mti unang'oka. Hakuna ukuta ambao hakuupitia: benki, hospitali, nyumba za watu. Mlango upo, na wazi, yeye anapita ukutani. Alikuwa na misuli mahali ambapo Mungu hakuweka misuli, hata shingoni nyuma, hata vidoleni. Nilikuwa napata taabu kupata nafasi ya puto, kila nikitafuta pembe nakuta bega.

Aliyemchora alikuwa Mzee Deo. Deo ni Mrundi, amekulia kambini Tanzania, akaletwa huku na mkewe, mke akafariki, akabaki peke yake Quakers Hill, ng'ambo ya pili ya stesheni kutoka kwangu. Mchana alikuwa akiwahudumia wazee kwenye nyumba ya kulelea, jioni anachora. Mtu mpole, lakini alikuwa na tabia moja: mlangoni pa mtu hasimami. Akija kuniletea kurasa, anabaki barabarani ndani ya gari, anapiga simu. "Mama Zuhura, mi niko nje. Toka." Mara nyingine honi. Nikimwambia karibu ndani unywe chai, anasema ana haraka. Miaka yote ile Deo hakuwahi kuingia kwangu, wala sikuwahi kumsikia akibisha hodi kwa mtu. Nikawa namhesabu ni mtu asiyefundwa, Mungu anisamehe.

Siku moja tulipokuwa tunasubiri mashine ya kopi ipoe, nilimuuliza alimtoa wapi huyu Ngurumo asiye na adabu. Hakucheka.

"Mama Zuhura, kule kambini kila kitu ilikuwa foleni. Chakula, foleni. Maji, foleni. Karatasi ya kutoka, foleni, unafika mbele wanasema rudi kesho. Mi nimesubiri utoto yangu yote. Nikachora mtu ambaye hasubiri. Ndiyo huyo."

Kuanzia siku hiyo niliyavumilia yale mabega.

Ikaja korona. Tukabeba meza zetu kupeleka nyumbani. Ile meza ya taa ya kunakilia niliiweka juu ya meza ya kupigia pasi, ikawa inayumba kila nikiandika herufi ndefu. Mikutano ikahamia kwenye skrini. Wekesa alikuwa akikaa chumbani kwa binti yake, nyuma yake ukuta wa waridi wenye vipepeo, na humo ndimo alimotoa maamuzi yote mazito. Deo hakujua kuiweka kamera. Miezi mingi tulizungumza na paji lake la uso.

Mwanzoni vitabu viliuzwa, watu wamefungiwa watafanya nini. Halafu vikasimama. Wasomaji wakaanza kututumia jumbe za sauti kwenye simu ya ofisi, na kazi ya kuzisikiliza nilipewa mimi. Watoto walisema Ngurumo anachosha: anashinda, tena anashinda, tena anashinda. Wakubwa walikuwa na lao. Mwanamke mmoja wa Blacktown alisema, "Mwambieni huyo kijana wenu, siku akija kunikomboa mimi, apite mlangoni. Nyumba nimepanga. Ajenti atanikata bondi yangu yote, ile amana ya nyumba." Nikacheka mpaka miwani ikaanguka, lakini nilipokaa nikaona ana haki. Sisi tumefungiwa ndani, helikopta ya polisi inazunguka juu ya paa ikitwambia turudi majumbani, na ukuta ndicho kitu pekee tulichobaki nacho. Nani anataka kusoma habari za mtu anayeuvunja?

Wekesa akaita mkutano. Vipepeo nyuma, uso umekunjamana.

"Wazee wangu, hii kitu imeisha. Ngurumo amechokwa. Tunafanya matoleo matatu, kwa la tatu anakufa. Tumzike vizuri, watu walie, tuanze shujaa mwingine."

Paji la uso la Deo likasema, "Hafi."

"Mzee Deo, ni biashara..."

"Hafi. Mi siwezi kuchora hiyo desini. Kama unamuua, tafuta mkono ingine."

Wekesa hakuwa mtu mbaya, alikuwa amebanwa. Akashusha pumzi, akasema basi, kuna njia moja. Ngurumo afanywe mtu. Awe na kitu cha kumfanya msomaji amwonee huruma. Tukiweza ndani ya matoleo hayo matatu, ataishi. Tukishindwa, atakufa, na Wekesa atamtafuta mchoraji mwingine wa kumzika. Deo akasema, "Bon," yaani haya, na paji likatoweka. Nilijua kilichokuwa hatarini pale. Kwa Wekesa ni kitabu. Kwa Deo ni utoto wake.

Toleo la kwanza tulimpa ugonjwa. Lilikuwa wazo la Wekesa: shujaa aambukizwe, aonekane dhaifu. Lakini mtu anayeng'oa mti kwa chafya ukimpa kikohozi unategemea nini? Ukurasa wa nne aliezua mapaa ya mtaa mzima. Tukamvisha barakoa, uso ukapotea, ikabaki misuli yenye macho. Msomaji mmoja aliuliza kama ni tangazo la wizara.

Toleo la pili tulimpa mapenzi. Deo, ambaye tangu mkewe afariki hakutaka kuchora mwanamke, alimchora mpenzi wa Ngurumo akiwa amegeuka mgongo katika visanduku vyote. Watu wakafikiri wamegombana. Ilinibidi niweke puto linalosema "Shingo inaniuma" ili kuokoa jahazi.

Likabaki la tatu. Wekesa aliandika hadithi fupi: bibi mmoja, Bi Salama, amefungiwa peke yake nyumbani kwake, hana mtu, na Ngurumo anatumwa ampelekee chakula. Kichekesho kilikuwa mlangoni. Ngurumo anagonga kistaarabu, ko ko ko, na mlango unaanguka ndani. Upande wa Kiingereza sikuwa na tabu nao, mlio ule una herufi zake. Nilipofika upande wa Kiswahili, kalamu ikagoma.

Mtu wetu hagongi. Anaita. Ukigonga tu bila sauti, mwenye nyumba anajua ni mtoza kodi au ni mwizi mjinga. Kwa hiyo pale hapafai mlio, panatakiwa puto, na puto lina mkia, na mkia unataka mdomo. Nikafuta ko ko ko, nikaandika "Hodi!" nikaelekeza mkia kwa Ngurumo. Nikaangalia. Kumbe sasa hawezi kuingia! Mtu akishasema hodi anasubiri karibu. Kimya, anasema ya pili. Kimya, ya tatu. Baada ya hapo anaondoka zake bila kinyongo, maana mwenye nyumba ana haki ya kunyamaza. Ndivyo tulivyofundishwa chuo cha Kurani Tanga, na aliyekiuka alichapwa. Nikampigia Wekesa.

"Wekesa, mtu wako amekwama mlangoni."

Nikamweleza. Akapiga kelele mpaka binti yake akaja kuangalia.

"Wacha! Auntie! Anasimamisha treni lakini hawezi kupita hodi!"

"Anaweza. Haingii tu."

"Hiyo ndiyo yenyewe! Ukurasa mzima anasubiri. Hakuna ngumi, hakuna ukuta. Mpigie Mzee Deo."

Kwa nini nimpigie mimi? Kwa sababu Wekesa aliogopa, na alikuwa na akili kuogopa. Deo alinisikiliza hadi mwisho, akasema neno moja moja. "Ngurumo. Yangu. Hasubiri."

Nilimbembeleza siku hiyo na ya pili yake. Akatuma mchoro, naona ili ninyamaze. Ngurumo yuko mlangoni, kifua mbele, miguu imepanuka, ngumi zimekunjwa. Nikamwambia, "Mzee Deo, huyo hapigi hodi, huyo amekuja kukamata mtu." Akatuma mwingine. Safari hii kichwa kimeinama, mabega yameshuka, mikono imeshikana mbele, macho chini. Lo! Ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote aliyowahi kunitumia, na ulinichoma, maana niliona mara moja ni nani. Alikuwa ni Deo mwenyewe kwenye foleni. Nikamwambia kwa upole niwezavyo, "Huyu anaomba. Anayepiga hodi haombi."

"Basi mi sijui mtu anasimamaje!" akasema. "Kama si kulazimisha na si kuomba, ni nini? Nionyeshe, Mama Zuhura! Nionyeshe!" Akakata simu.

Hakuishika tena. Siku ikapita, na nyingine. Mpiga chapa anasubiri, Wekesa anatafuta mchoraji wa mazishi, na mimi sikuwa nikiwaza kitabu tena. Mtu wa umri ule, peke yake, anafanya kazi kwenye nyumba za wazee ambako ugonjwa ulikuwa unapita chumba kwa chumba. Ilikuwa ni zile wiki tulizoruhusiwa kutoka saa moja tu kwa siku kunyoosha miguu. Nikapika mbaazi za nazi, nikafunga sufuria kwa kitambaa, nikavaa barakoa, nikatoka.

Karibu na stesheni nikasimamishwa na polisi wawili vijana. Naenda wapi? Mazoezi. Wakaangalia sufuria. Mazoezi na sufuria? Nikawaambia, "Wanangu, ni ya chuma. Ibebeni mwone kama si mazoezi." Mmoja akaibeba kweli. Akanirudishia na kunitakia siku njema.

Gari la Deo lilikuwepo. Pazia limefungwa. Nikasimama kwenye kibaraza.

"Hodi!"

Kimya. Nikahamisha sufuria mkono wa pili, nikarekebisha mtandio. Nikajisemea labda yuko msalani.

"Hodi humu ndani!"

Kimya. Kandambili ya kushoto ilikuwa inanibana, nikautoa mguu nikaupumzisha juu ya mwenzake. Nikaanza kusema na mlango, kama wanavyofanya wazee: huyu naye, watu wanatoka makwao, jua hili, mbaazi zinapoa, mtu hata kukohoa hakohoi.

"Hodi, Mzee Deo!"

Kimya. Ya tatu hiyo. Adabu yangu yote ikaniambia geuka. Nikaweka sufuria chini, nikageuka, nikafika kwenye geti. Na pale getini, jamani, miguu ilikataa. Akilini nikamwona amelala sakafuni. Nikamwona anaita na sauti haitoki. Nilikuwa nampenda yule mzee msusaji, ni lazima niseme hivyo, kwa sababu wakati ule nilijua hivyo. Nikarudi. Nikaweka kiganja kwenye mlango, na sikusukuma. Nikapiga hodi ya nne, ambayo kwetu haipo, sikufundishwa na mtu, na sauti iliyotoka haikuwa ya kuita hata kidogo.

"Hodi, ndugu yangu."

Pazia likacheza. Sauti ikatoka nyuma ya kioo: "Mama Zuhura, usitikisike! Rudisha ile mguu! Kama mwanzo!"

Alikuwa anachora! Yuko mzima, ameketi nyuma ya pazia na ubao magotini, ananichora tangu hodi ya kwanza! Nilimtukana. Nilimtukana kwa Kisambaa, lugha ambayo huwa naihifadhi kwa dharura. Mwanamke wa nyumba ya pili alitoka, akaona bibi mwenye mtandio anagombana na dirisha, akarudi ndani taratibu. Deo alingoja niishiwe pumzi, kisha akafungua pazia lote, kavaa barakoa yake, macho mekundu.

"Mi nilikuwa nimesusa," alisema kupitia kioo. "Nilikuona unakuja, nikasema sifungui. Halafu nikaona unasimama. Mama Zuhura, ile mlango haikufungwa. Haina hata funguo. Ungesukuma kidogo tu, ungeingia."

"Kwangu siingii bila karibu, kwako ndiyo niingie?"

"Ndiyo hiyo. Kule kambini, wenye nguvu walikuwa wanaingia kwenye nyumba yetu usiku, mchana. Hakuna mmoja alisema hodi. Mi nikafikiri ndiyo nguvu iko hivyo. Nikamchora Ngurumo kama wale. Kama wale, Mama Zuhura! Miaka yote!"

Akaubandika ubao kwenye kioo nione. Ulikuwa ni mwili wa Ngurumo, mabega yale yale, mikono ile ile ya kusimamisha treni. Lakini mguu wa kushoto umetoka kwenye kandambili na umepumzika juu ya mwenzake. Mkono mmoja umebeba sufuria, wa pili umeshika kiuno. Kichwa kimeelekezwa pembeni, mdomo umefunguka kidogo, na ukitazama unajua kabisa anausema mlango. Nimeshaonwa na vioo vingi maishani mwangu, hakuna kilichowahi kunionyesha nilivyo namna ile.

"Nimenenepa hivyo?" nikamuuliza.

"Hiyo ni misuli," akasema Deo.

Sasa sikilizeni, hii ni ya kazi. Nilipozipata zile kurasa nilikaa nazo muda kabla ya kugusa wino. Kawaida yetu ni kwamba sauti ikipanda herufi zinapanda. Mtu anarudia mara nne, unamkuzia kila mara. Mimi nilizishusha. Hodi ya kwanza niliiandika nene, ya shujaa. Ya pili wastani. Ya tatu nyembamba, na hapo Ngurumo anaweka chini sufuria na kugeuka. Ya nne niliiandika kwa kalamu ndogo kuliko zote, ile aliyoniachia Maureen, katika puto dogo ndani ya kisanduku kipana, mbali na uso wake na mbali na mikono yake. Na "Karibu" ya Bi Salama haina mdomo. Mkia wake unatokea chini ya mlango.

Upande wa Kiingereza Wekesa aliliacha neno vile vile, hodi, bila maelezo. Wasomaji kadhaa wa Kizungu waliandika kuuliza hiyo nguvu mpya ya Ngurumo inafanya kazi vipi na kwa nini inaisha kila anapoitumia. Wekesa aliwajibu kwamba ndivyo ilivyo.

Jumbe za sauti ziliijaza simu. Wanafunzi wanaokaa wengi nyumba moja kule Kensington walisema sasa hata kwenye mlango wa bafu ni hodi tatu, na ya nne ni kwa mwenye dharura tu. Yule mwanamke wa Blacktown alisema, "Huyo sasa aje, hata kesho." Lakini ujumbe nilioucheza mara nyingi ulikuwa wa msichana anayezungumza Kiingereza cha hapa hapa, akatafuta maneno ya Kiswahili moja moja, akayapata: "Ngurumo anasimama kama mama yangu." Nilimpigia Deo nikamwekea simu kwenye spika. Akalia, na mimi nikalia, na Wekesa kwenye skrini akajifanya anatengeneza kipaza sauti. Ngurumo hakufa. Ninyi ndio mnaomchora leo, na nawaomba msimrudishie misuli ya vidoleni.

Milango ilipofunguliwa tulirudi juu ya gereji, nikafanya kazi mpaka mkono ulipoanza kutetemeka kwenye herufi za mviringo. Mstari usiponyooka, alisema Maureen, hakuna herufi. Nikaaga, mkanipa ile keki.

Wiki iliyofuata nilikuwa jikoni asubuhi nikasikia gari linasimama nje. Gari la Deo, nalijua kwa ekzosi yake, maana pamoja na kukaa juu ya gereji miaka yote ile hajawahi kuipeleka ikatengenezwe. Nikangoja simu. Haikuita. Nikangoja honi. Haikulia. Nikasikia mlango wa gari, nikasikia geti, na nyayo zinapanda kibaraza.

"Hodi!"

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kusema karibu. Nikaufunga. Nikanyata hadi dirishani, nikasogeza pazia kidogo tu.

Mzee Deo, kwenye mlango wangu, na shati la kanisani, na sufuria mkononi. Amesimama wima.

"Hodi, Mama Zuhura!"

Akahamisha sufuria mkono wa pili. Akautoa mguu kwenye kiatu, akaukuna kwa mwenzake. Akaanza kuusema mlango kwa Kirundi.

"Hodi!"

Nikabana pumzi. Akainama, akaweka sufuria kibarazani, akageuka. Akaenda hadi getini, akaweka mkono kwenye komeo. Akasimama hapo. Halafu akarudi, polepole, akaweka kiganja kwenye mlango ambao haukuwa umefungwa, akasema kwa sauti ndogo ambayo ningeiandikia kalamu ya Maureen:

"Hodi, dada yangu."

"Karibu, Mzee Deo. Pita."

Akaingia, akaliona pazia bado linacheza, akanitazama kwa jicho la kutuhumu.

"Ulikuwa unanichora?"

"Mimi?" nikasema, nikampokea sufuria. "Mimi si mchoraji, Mzee Deo. Nilikuwa nahesabu."